Somo kwa Vikundi vya Kazi: Kutumia Michoro Kutafuta Chanzo cha Tatizo na Kupanga Ubora

Watumishi wa umma, masheha, mabwana shamba na mabibi shamba, viongozi wa vyama vya ushirika na wajumbe wa kamati za maendeleo wanaombwa kulisoma somo hili na kulijadili katika vikao vyao vya kazi. Somo linahusu michoro inayokiwezesha kikundi kulitazama tatizo kwa pamoja, kukitambua chanzo chake na kupanga hatua za kuliondoa. Kazi hii haihitaji mashine wala gharama kubwa. Karatasi pana, kalamu, vikaratasi vidogo na ukuta wa kuvibandika vinatosha.

1. SABABU YA SOMO

Katika vikao vingi, tatizo likizuka, swali la kwanza huwa: nani amekosea? Swali hilo huwafanya watu wajihami. Mwenye cheo husema sana, mwenye kuishika kazi kwa mikono yake hunyamaza, na kikao huisha kwa onyo au kwa kusameheana. Msimu ufuatao tatizo hurudi lile lile, kwa sababu aliyelaumiwa siye aliyekuwa chanzo.

Mchoro hulibadilisha swali. Karatasi ikiwa ukutani, wajumbe wote huigeukia karatasi badala ya kutazamana wenyewe kwa wenyewe. Kinachotafutwa si mkosa bali sababu. Aidha, neno likishaandikwa halipotei, hata kama aliyelisema ni mdogo kuliko wote kikaoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na tatizo la kazi ni maradhi kama mengine, halitibiki mpaka lionyeshwe.

2. CHIMBUKO LA MICHORO

Mingi ya michoro hii ilikuzwa nchini Japani. Mwaka 1943 Kaoru Ishikawa, aliyezaliwa mwaka 1915 na ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi sababu nyingi zinavyoungana kuleta tokeo moja. Alichora mstari mmoja mrefu wenye matawi ya mshazari pande zote mbili. Kwa kuwa mchoro huo unafanana na samaki aliyeondolewa nyama, umezoeleka kwa jina la mfupa wa samaki. Kuanzia mwaka 1962 viwanda vya Japani viliunda vikundi vidogo vya wafanyakazi na wasimamizi wao, vilivyojifunza njia hizi na kuzitumia mahali pao pa kazi.

Jiro Kawakita (1920–2009), mtaalamu wa jiografia na mila za watu aliyefanya utafiti katika vijiji vya Nepal, alikabiliwa na shida nyingine: alikuwa na habari nyingi zisizo na mpangilio. Akabuni njia ya kuandika kila habari katika kikaratasi chake, kisha kuvipanga vikaratasi kwa kadiri vinavyokaribiana kimaana. Aliieleza njia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1967. Mwaka 1979 kilitoka kitabu kilichosimamiwa na Shigeru Mizuno, kilichoikusanya njia hiyo pamoja na michoro mingine, jumla saba, kwa ajili ya kupanga kazi na kushughulikia mambo ambayo takwimu peke yake haziyaelezi.

Katika Tanzania njia za jamii hii si ngeni. Mwaka 2007 zilianza kutumika katika hospitali kwa ushirikiano na Japani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mwanzo. Watumishi wengi wa afya wanayafahamu maneno matano ya mpango huo: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Maneno hayo yanahusu mpangilio wa mahali pa kazi. Mahali pakishapangika, hufuata kazi ya kutafuta vyanzo vya matatizo, na hapo ndipo michoro inapohitajika.

3. MFANO WA SOMO: MAGUNIA 18 YALIYOSHUSHWA DARAJA

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo na hauhusu kikundi chochote cha kweli. Familia 12 za wakulima wa karafuu zinatumia sakafu moja ya kuanikia. Katika msimu mmoja zilipeleka kituoni magunia 40. Magunia 18 yalishushwa daraja. Kwa familia inayotegemea mkarafuu, tofauti ya daraja ni ada ya skuli, ni bati la paa lililokuwa likisubiriwa, ni deni la dukani litakalolala mwaka mwingine.

Kikao cha kwanza kilivunjika kwa ugomvi. Wenye mashamba waliwalaumu wachumaji kwamba wanachuma karafuu zilizopea. Wachumaji waliwalaumu waanikaji. Waanikaji waliilaumu mvua. Hakuna lililoandikwa. Kikao cha pili kilifuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: kuliandika tatizo

Tatizo huandikwa kwa namna inayoweza kupimika. Kusema “karafuu zetu ni mbaya” hakumsaidii mtu, kwani kila mmoja atalifahamu neno “mbaya” kwa njia yake. Kikundi kiliandika: “Magunia 18 kati ya 40 yameshushwa daraja msimu huu.” Sentensi hiyo haina jina la mtu wala sababu ndani yake. Sababu bado hazijulikani.

Hatua ya pili: vikaratasi na mchoro wa makundi

Kila mjumbe hupewa vikaratasi kadhaa. Kwa muda wa dakika 10, bila kuzungumza, huandika kila analoona kuwa huenda limechangia tatizo. Jambo moja katika kikaratasi kimoja, bila kutia jina. Asiyejua kuandika humnong'oneza kijana aliyechaguliwa na kikundi, naye huandika kama alivyoambiwa pasi na kuongeza wala kupunguza.

Baadaye vikaratasi vyote hubandikwa ukutani, na wajumbe huvisogeza mpaka vinavyofanana vikae pamoja. Kila kundi hupewa kichwa cha maneno. Kimya cha mwanzo kina faida kubwa. Mwenyekiti akitangulia kutoa rai, wengi wataifuata, ama kwa heshima au kwa woga. Inapasa mwenyekiti aandike kama wengine na asiwe wa kwanza kusema.

Hatua ya tatu: mfupa wa samaki

Tatizo huandikwa upande wa kulia wa karatasi, mahali pa kichwa cha samaki. Kutoka hapo huchorwa uti wa mgongo kuelekea kushoto. Mifupa mikubwa huwa vichwa vya makundi yaliyopatikana. Kikundi hiki kilipata sita: watu, vifaa, zao lenyewe, utaratibu wa kazi, hali ya hewa na upimaji. Katika kila mfupa mkubwa hutiwa mifupa midogo, nayo hupatikana kwa kurudia swali moja: kwa nini?

Katika mfupa wa utaratibu wa kazi kulikuwa na kikaratasi kilichosema: “Karafuu zinalala guniani.” Mwenyekiti aliuliza maana yake, na mama mmoja miongoni mwa wachambuaji akaeleza:

“Mzee, karafuu zinatufikia baada ya magharibi. Tunachambua mpaka saa tano za usiku, na taa ni moja. Zinazobaki tunazifunga guniani mpaka asubuhi.”

“Bibi, mbona hukulisema hilo kikao kilichopita?”

“Kikao kilichopita kilikuwa kinatafuta mkosa, Mzee. Nani angejitia kitanzi?”

Hapo kikundi kiliendelea kuuliza. Kwa nini karafuu zinalala guniani? Kwa sababu uchambuaji haumaliziki siku ile ile. Kwa nini haumaliziki? Kwa sababu siku moja huchumwa pishi 60, na wachambuaji wanaweza pishi 40. Kwa nini huchumwa kupita uwezo wao? Kwa sababu mchumaji hulipwa kwa pishi, na hakuna aliyepanga kiasi cha kuchuma kwa siku. Swali likafika mahali penye jambo la kutendwa. Wachumaji hawakuwa wavivu wala wachambuaji hawakuwa wazembe. Kazi mbili zilizotegemeana hazikuwa zimelinganishwa.

Hatua ya nne: kuhesabu

Mfupa wa samaki huonyesha sababu zinazowezekana. Hauthibitishi iliyo ya kweli. Maelezo ya mama yule, ingawa yalikuwa mazito, yalihitaji kupimwa sawa na ya wengine. Kikundi kilimwendea mpimaji wa kituo na kumwomba aeleze sababu ya kila gunia kushushwa. Majibu yalikuwa haya:

Karafuu zilizovunda na kupauka: magunia 11
Unyevu uliozidi: magunia 4
Makonyo na takataka: magunia 2
Karafuu zilizopea: gunia 1

Hesabu kama hii huchorwa kwa nguzo, refu zaidi ikiwa kushoto na fupi zaidi kulia. Chati hiyo huitwa chati ya Pareto, kwa jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia aliyechunguza mgawanyo wa mali. Joseph Juran (1904–2008), mtaalamu wa ubora wa Marekani, ndiye aliyelitumia jina hilo katika kazi za ubora, akisisitiza kuwa mara nyingi sababu chache ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya hasara. Katika mfano huu sababu mbili za mwanzo zinachukua magunia 15 kati ya 18, yaani asilimia 83. Karafuu zilizopea, ambazo ndizo zilizoleta ugomvi wote wa kikao cha kwanza, zilikuwa gunia moja.

Matokeo hayo yanaafikiana na tabia ya zao lenyewe. Karafuu mbichi ikirundikwa au kufungwa guniani hupata joto na kuvunda. Hupauka, husinyaa na kuwa laini. Jua la kesho yake haliwezi kuirudishia rangi. Karafuu iliyoanikwa mapema, kwa tabaka jembamba na kugeuzwa mara kwa mara, hukauka kwa siku nne au tano za jua zuri. Huwa ya hudhurungi, ngumu, na hukatika kwa mlio ikikunjwa. Unyevu wake usizidi takriban asilimia 12.

Hatua ya tano: mchoro wa mti

Chanzo kikishajulikana, lengo huandikwa mahali pa shina. Kikundi kiliandika: “Kila karafuu inayochumwa ianikwe kabla ya kulala guniani.” Kutoka kwenye shina huchorwa matawi kwa swali: kwa njia gani? Kutoka kwenye kila tawi huchorwa vitawi kwa swali lile lile, mpaka kufikia kazi ambayo mtu mmoja anaweza kuambiwa aifanye kesho.

Matawi ya kikundi yalikuwa matatu. La kwanza ni kulinganisha uchumaji na uchambuaji, likiwa na vitawi vya kupanga pishi za kila siku na kupeleka karafuu nyumbani mara mbili, adhuhuri na jioni. La pili ni kuongeza uwezo wa kuchambua, likiwa na vitawi vya kupata taa mbili zaidi na kuongeza wachambuaji katika siku za mavuno mengi. La tatu ni kuzilinda zitakazobaki, likiwa na kitawi cha kuzitandaza juu ya majamvi chini ya paa badala ya kuzifunga.

Hatua ya sita: jedwali la majukumu

Mipango mingi hufa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ataitekeleza. Kwa hiyo kazi zilizopatikana katika mti huandikwa upande mmoja wa jedwali, na majina ya wahusika upande wa pili. Mahali zinapokutana hutiwa alama: duara lenye nukta kwa mwenye dhamana, duara tupu kwa msaidizi, na pembetatu kwa anayepaswa kuarifiwa. Kila kazi iwe na duara moja tu lenye nukta. Kazi yenye wenye dhamana wawili haina mwenyewe.

Jedwali pia huonyesha nani ameelemewa. Katika jedwali la kikundi, kazi nyingi zilikuwa zimemwangukia mtu mmoja, na wajumbe waligawana upya kabla ya kuondoka.

Hatua ya saba: mchoro wa tahadhari

Katika mchoro huu kila hatua ya mpango huulizwa: ni jambo gani linaweza kuizuia, na likitokea kitafanywa nini? Mvua ya vuli ikinyesha mchana, nani ataanua, na karafuu zitawekwa wapi? Taa ikiharibika usiku, iliyo karibu iko kwa nani? Wachambuaji wawili wakiugua, uchumaji wa kesho utapunguzwa kwa pishi ngapi? Majibu huandikwa katika visanduku chini ya hatua inayohusika. Mvua haizuiliki, lakini kukutwa na mvua bila ya mpango kunazuilika.

Kwa kazi zenye hatua nyingi zinazosubiriana, kama ujenzi wa skuli au ukarabati wa kisima, huongezwa mchoro wa mishale. Kila mshale ni kazi moja na huandikwa siku zake. Njia ndefu kuliko zote kutoka mwanzo hadi mwisho ndiyo inayoamua tarehe ya kumaliza. Kuchelewa kwa siku moja katika njia hiyo ni kuchelewa kwa kazi nzima.

Hatua ya nane: kupima tena

Msimu uliofuata kikundi kilipeleka tena magunia 40. Yaliyoshushwa yalikuwa 7, na chati ilichorwa upya. Sasa nguzo ndefu ilikuwa ya unyevu, magunia 4. Kikundi kilishukuru, kisha kikaanza mfupa mpya wa samaki wenye kichwa kipya. Karatasi ya zamani haikutupwa. Ilibandikwa pembeni ya mpya, ili anayejiunga na kikundi aone kazi ilipoanzia.

4. MAKOSA YA KUEPUKWA

Kwanza, kutia majina ya watu katika mfupa wa samaki. Maneno “uzembe wa fulani” hufunga mjadala. Badala yake iulizwe ni hali gani iliyofanya mtu yeyote, akiwekwa mahali pale, aweze kukosea vile vile.

Pili, kuchora bila ya kuhesabu. Mchoro usiothibitishwa ni rai iliyopambwa. Kabla ya fedha kutumika, sharti ziwepo hesabu, hata kama ni mistari iliyochorwa kwa chaki kwa wiki mbili.

Tatu, kusimama kwenye sababu zisizo na la kutendwa. “Mvua”, “umaskini” na “watu hawajali” ni maneno yanayomaliza kikao bila ya kazi. Kila yanapoandikwa, swali la kwa nini liendelee.

Nne, kuwasahau wanaoishika kazi. Kikao kuhusu karafuu bila ya wachambuaji, kuhusu kliniki bila ya muuguzi wa zamu na mama anayesubiri, au kuhusu maji bila ya fundi wa pampu na mchotaji, kitachora samaki mwenye mifupa pungufu.

Tano, kutaka kuitumia michoro yote kwa mara moja. Kwa tatizo dogo, mfupa wa samaki na chati ya Pareto vinatosha. Mti, jedwali na mchoro wa tahadhari huhitajika pale utekelezaji unapowahusu watu wengi au muda mrefu.

5. MATUMIZI KATIKA OFISI NA HUDUMA

Hatua hizi zinafaa pia katika huduma za Serikali. Wagonjwa wakisubiri muda mrefu, kituo cha afya kinaweza kuandika kwa wiki moja saa ya kuwasili, ya kuandikishwa, ya kuonwa na ya kupewa dawa. Mara nyingi huonekana kuwa foleni imesimama mahali pasipodhaniwa, kwa mfano kwenye utafutaji wa mafaili. Mafaili ya ardhi yakichelewa, ofisi inaweza kuhesabu siku ambazo faili hukaa katika kila meza. Skuli inaweza kutazama siku za utoro kwa kuzilinganisha na siku za gulio, misimu ya uvuvi na misimu ya karafuu.

Katika kila hali, mkuu wa kazi ana wajibu mmoja usioweza kukabidhiwa mwengine: kuhakikisha kwamba aliyeeleza upungufu kwa nia njema haadhibiwi kwa kuueleza. Bila ya dhamana hiyo vikaratasi vitabandikwa, lakini vitakuwa na maneno ambayo mkuu anapenda kuyasoma.

6. UTEKELEZAJI

Vikundi vinashauriwa kuanza na tatizo moja ambalo vina uwezo nalo, lenye kuhesabika, na linaloweza kuonyesha mabadiliko ndani ya msimu mmoja au miezi mitatu. Kikao cha kwanza kitumike kuliandika tatizo na kuchora mfupa wa samaki. Wiki mbili zinazofuata ziwe za kuhesabu. Kikao cha pili kichore chati, mti na jedwali la majukumu. Michoro ibandikwe mahali pa kazi panapoonekana na wote, ikiwa na tarehe, na isiondolewe mpaka hesabu ya pili ichukuliwe na kuandikwa chini yake.